Kutafuta mahali funksheni ilipoandikwa katika msimbo usioufahamu

Jina la funksheni hutokea katika mradi kwa sura nyingi. Huitwa hapa, hutangazwa pale, hutajwa katika maelezo, huwekwa ndani ya jedwali, na ni mahali pamoja tu, au pachache, ambapo kazi yenyewe imeandikwa. Anayetafuta jina tupu katika mradi asioufahamu huletewa sura zote hizo kwa mkupuo, kisha hulazimika kufungua faili moja baada ya jingine. Ni afadhali kujiuliza kwanza ufafanuzi wa funksheni una umbo gani katika lugha hiyo na katika mradi huo, ndipo utafute umbo hilo badala ya jina peke yake. Nitaonyesha namna ya kufanya hivyo kwa kufuata `len([1, 2, 3])`, amri ya kuhesabu vitu vilivyomo katika orodha, ndani ya CPython, yaani programu inayoendesha lugha ya Python, ambayo kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba msimbo unaousoma ndio unaoendeshwa kwenye kompyuta yako. Amri ya `python3 --version` ikikujibu 3.12.0, chukua toleo hilohilo:

`git clone --depth 1 --branch v3.12.0 https://github.com/python/cpython`

Sehemu ya `--depth 1` huacha nje historia ya mradi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayetumia bando la simu, ingawa tutaihitaji historia hiyo mwishoni. Jambo la toleo lisipuuzwe hata kidogo, kwa sababu kati ya toleo moja na jingine mafaili huhamishwa na funksheni hubadilishwa majina, na msomaji aliyefungua toleo lisilo lake hutafuta kitu ambacho hakipo.

Pili, iulize programu yenyewe, kwani lugha nyingi zinazoendeshwa bila kukusanywa kwanza na kompaila hukumbuka kila funksheni ilikotoka. Katika Python andika hivi:

`import inspect, json`
`inspect.getsourcefile(json.dumps)`

Utajibiwa njia kamili ya faili linaloishia na `json/__init__.py`. Katika Ruby utatumia `method(:jina).source_location`, na katika PHP kuna `ReflectionFunction` yenye `getFileName`. Ukiuliza swali hilohilo kuhusu `len`, Python itakurudishia hitilafu ya `TypeError`. Hitilafu hiyo ni jibu kamili: inakueleza kwamba `len` haikuandikwa kwa Python, na kwa hiyo upekuzi uhamie kwenye mafaili ya C.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ukiandika `git grep -n len`, amri ya kutafuta maandishi katika mafaili yote ya mradi, utapata maelfu ya mistari, kwa kuwa herufi hizo tatu zimo ndani ya majina mengine chungu nzima. Kumbuka kwamba jina analolijua mtumiaji wa Python, likiwa ndani ya msimbo wa C, ni maandishi tu yaliyofungwa katika alama za kunukuu. Kwa hiyo litafute likiwa na alama zake:

`git grep -n '"len"' -- '*.c' '*.h'`

Miongoni mwa mistari itakayoletwa umo mmoja katika `Python/clinic/bltinmodule.c.h`, ambao unaifunga `"len"` pamoja na jina jingine, `builtin_len`. Usiishie kwenye faili hilo, maana halikuandikwa kwa mkono. Limezalishwa na chombo cha mradi huo kiitwacho Argument Clinic. Mbinu ya kutafuta jina ndani ya alama za kunukuu ina manufaa mapana, kwani amri za terminali, njia za tovuti na majina ya matukio katika programu nyingi huunganishwa na funksheni zake kupitia jedwali la namna hiyo, na jina la upande wa nje huwa tofauti na la upande wa ndani.

Sasa unalo jina la kweli, na ni wakati wa kutumia umbo. PEP 7, mwongozo wa kuandika C katika CPython, unaelekeza aina ya jibu la funksheni iandikwe kwenye mstari wake peke yake, kisha jina la funksheni lianzie mwanzo kabisa wa mstari unaofuata. Miito huwa imesogezwa ndani, na matangazo mengi hutanguliwa na aina. Basi tafuta jina linaloanzia mwanzo wa mstari, ambao huonyeshwa kwa alama ya `^`:

`git grep -n '^builtin_len('`

Utapelekwa moja kwa moja `Python/bltinmodule.c`. Mwongozo wa GNU nao una kanuni hiyo, na unaeleza wazi kwamba imewekwa ili kurahisisha utafutaji wa funksheni. Ukitumia ripgrep, chombo kingine cha kutafuta maandishi, andika `\(` badala ya `(`. Ukiongeza `-W` kwenye `git grep`, utaonyeshwa funksheni nzima bila kufungua kihariri.

Si kila mradi unaofuata desturi hiyo. Katika kiini cha Linux aina na jina hukaa mstari mmoja, na miito ya mfumo huundwa kwa makro, yaani vifupisho ambavyo kompaila huvipanua kuwa msimbo kamili: ukitafuta `sys_read` utalipata tangazo katika `include/linux/syscalls.h`, lakini mwili wake umeandikwa kama `SYSCALL_DEFINE3(read, ...` katika `fs/read_write.c`. Ndiyo maana inafaa kusoma funksheni mbili tatu za jirani kabla ya kutafuta, ili ujue waandishi wa mradi huo huandikaje.

Turudi kwa `len`. Ndani ya `builtin_len` utakuta inaitwa `PyObject_Size`, ambayo kwa umbo lilelile utaipata katika `Objects/abstract.c`. Ndani yake kuna mwito wa `m->sq_length(o)`, na hapa utafutaji wa umbo hugonga mwamba, kwa kuwa hakuna funksheni inayoitwa `sq_length`. Hicho ni kielekezi, nafasi ambayo kila aina ya kitu huijaza kwa funksheni yake. Swali sahihi sasa ni nani aliyeijaza nafasi hiyo kwa ajili ya orodha:

`git grep -n sq_length -- Objects/listobject.c`

Mstari utakaouona uko ndani ya `list_as_sequence`, nao unataja `list_length`. Funksheni hiyo hairudishi ila urefu ambao tayari umehifadhiwa ndani ya orodha, na ndiyo sababu `len` haichelewi hata orodha ikiwa ndefu kiasi gani.

Wakati mwingine majibu yatakuwa zaidi ya moja na yote yakawa sahihi. `PyThread_start_new_thread` imeandikwa katika `Python/thread_pthread.h` na pia katika `Python/thread_nt.h` ya Windows. Mfumo wa kompyuta yako ndio utakaoamua ipi itumike. Tazama pia kwamba hayo ni mafaili ya `.h`, ambayo wengi huyaruka wakidhani yana matangazo tu.

Vihariri vya kisasa vinavyotumia LSP, itifaki ya mawasiliano kati ya kihariri na programu inayochambua msimbo, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2016, hukupeleka kwenye ufafanuzi kwa kubonyeza kitufe, kama F12 katika VS Code, na `ctags -R .` hukupa huduma inayokaribiana nayo katika Vim kwa Ctrl-]. Vitumie, ila kwa C hakikisha clangd, programu inayomchambulia kihariri msimbo wa C, imepewa faili la `compile_commands.json` linaloeleza kila faili hukusanywaje na kompaila, vinginevyo hubahatisha. Na penye vielekezi kama `sq_length`, vyote viwili vitakuonyesha nafasi ilipotangazwa, si funksheni iliyoijaza. Hapo nguvu iko kwa gdb, chombo cha kusimamisha programu inapoendeshwa na kuichunguza: weka `break list_length`, endesha programu, kisha `bt` ikuonyeshe mlolongo wa walioita.

Ikiwa jina limetajwa katika nyaraka lakini halimo kabisa katika msimbo, huenda liliondolewa. Leta historia kwa `git fetch --unshallow`, kisha andika `git log -S'jina' --oneline`, nawe utaona badiliko lililoliingiza jina hilo na lile lililolitoa, pamoja na maelezo ya aliyelitoa.