Kabla hujahamia terminali nyepesi, yamalize haya ungali na bando

Mashine yangu ni ya mtumba, RAM yake GB 2, na kivinjari kikishafunguka hakibaki cha kugawana. Ndiyo maana niliiacha terminali (dirisha la kuandikia amri) iliyokuja na mfumo nikahamia st, kaprogramu kadogo ka Linux kanakofunguka kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Wiki moja baadaye nilikuwa Kondoa, chaji ya nusu saa, bando la kuhesabu, na ile terminali ya zamani nilishaifuta kwa kiburi. Usiifute. Hilo liwe la kwanza, hata kabla ya kusakinisha chochote.

Kabla ya kupakua, tazama meza unayoiandalia. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Jibu ni jina la mfumo unaochora madirisha yako. Ukijibiwa x11, st inakufaa. Ukijibiwa wayland, itafunguka kwa kupitia XWayland tu, daraja la programu za X11, na pengine foot, terminali nyingine nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya Wayland, itakupunguzia maswali. Foot nayo haifunguki kabisa kwenye X11. Nimeshaona mtu anashinda kutwa akitafuta kosa kwenye foot, kumbe kosa ni mlango alioingilia, yaani X11, alipokuwa anaandika nywila.

St haina faili la mipangilio. Rangi, fonti, ukubwa wa herufi, vyote vimo ndani ya msimbo wake, na ukibadilisha kitu lazima uikompaili upya, yaani uitengeneze tena kutoka kwenye msimbo. Kwa hiyo gcc, make, pkg-config na maktaba zake (kwenye Debian na Ubuntu ni libx11-dev, libxft-dev na libfontconfig1-dev) viwe ndani ya mashine mapema. Vyote hivyo unavipakua hapa Dodoma mjini kwa dakika chache. Kule mbele ya Bahi utavipakua huku ukiomba Mungu. Halafu kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote: mara ya kwanza unapoandika make, faili la config.def.h linanakiliwa kuwa config.h, na kuanzia hapo linalosomwa ni config.h. Ukiendelea kuhariri lile la kwanza utabadilisha fonti mara kumi na hakuna kitakachobadilika. Na ukiweka viraka (vipande vya msimbo vya kuongezea uwezo), weka kimoja, kompaili, jaribu, kisha kingine. Viraka viwili vikigombea mstari mmoja utaachiwa mafaili yenye mwisho wa .rej, na kazi ya kusuluhisha ni yako.

Sasa yaliyonikuta Kondoa. Niliingia kwenye seva ya ofisi moja kwa ssh, amri ya kuingilia kompyuta ya mbali, vizuri tu. Nikaandika nano, programu ya kuhariri maandishi, ili nirekebishe mstari mmoja, nikajibiwa «Error opening terminal: st-256color». Nikaandika clear, nayo ikagoma. Nikadhani seva imeharibika, nikaanza kumpigia simu mwenye seva, naye akaanza kuhangaika bila sababu.

Seva ilikuwa nzima. Kila terminali hujitambulisha kwa jina, jina hilo hukaa kwenye kigezo cha TERM, na seva hulitafuta kwenye daftari lake la terminali, linaloitwa terminfo, ili ijue namna ya kufuta skrini, kuhamisha kishale na kupaka rangi. Debian iliyosakinishwa kwa uchache huja na daftari fupi: xterm imo, vt100 ya mwaka 1978 imo, st haimo. Ni kama mgeni aliyefika kwenye mkutano wa kijiji na jina lake halimo kwenye orodha. Hajakosa kitu, ila hawezi kupewa kiti.

Dawa ni kupeleka jina lako mapema, seva kwa seva, ukiwa bado nyumbani: infocmp -x st-256color | ssh jina@seva tic -x - (kistari hicho cha mwisho ni sehemu ya amri), na biashara imeisha. Huhitaji ruhusa za mkuu wa mfumo, kwa sababu maelezo yanakaa kwenye folda yako mwenyewe huko huko. Ukibanwa njiani, andika TERM=xterm-256color kabla ya neno ssh, itakuvusha. Lakini usiliandike hilo kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila ufunguapo terminali, likae daima. St si xterm, na uongo huo utakurudia siku kitufe kimoja kikianza kutoa alama za ajabu.

Lugha nayo ina vituko vyake. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo unaweza kukaa miezi na locale mbovu (mpangilio wa lugha na herufi) usijue. Mimi niligundua kwa jina la kata. Mtu alinitumia faili la Ng’ong’ona, jina limeandikwa kwa ile ritifaa iliyopinda ya programu za ofisi, na ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwenye seva ikanionyesha 'Ng'$'\342\200\231''ong'$'\342\200\231''ona.csv'. Nikafikiri ni kirusi. Kumbe seva ilikuwa kwenye locale ya C, isiyojua herufi nje ya zile za msingi za Kiingereza. Andika locale huku na kule kabla ya safari. Usipoona UTF-8, mfumo unaojua herufi zote, rekebisha hapo hapo. Na majaribio yafanye kwa majina yetu, Chang’ombe na Ng’ong’ona, hello haitakuambia kitu.

Emoji ni habari nyingine, maana zinaweza kuiangusha st nzima. Chanzo ni maktaba ya libXft iliyo chini ya toleo la 2.3.5, isiyoweza kuchora herufi za rangi. Tazama toleo lako kwa dpkg -l libxft2. Ukiwa na la zamani, usifungue mazungumzo ya kikundi cha harusi ndani ya terminali.

Kusoma yaliyopita juu, st haikupi. Weka tmux, programu inayokutunzia madirisha ya terminali na maandishi yake. Wengine wanaweka kiraka cha kurudi nyuma, sawa, lakini tmux iliyo kwenye seva inakulinda pia umeme ukikatika au mtandao ukiyeyuka: kazi inaendelea kule, nawe ukirudi unaandika tmux attach. Dirisha la ssh likiganda kabisa, bonyeza Enter, kisha ~ na nukta, litakata.

Kabla hujasema imeganda, lakini, bonyeza Ctrl na Q. Mara nyingi kidole kimegusa Ctrl na S kwa mazoea ya kuhifadhi faili, na amri hiyo ya tangu enzi za mashine za kuchapa husimamisha maandishi. Mstari wa stty -ixon kwenye .bashrc unaimaliza. Skrini ikijaa michoro baada ya kufungua faili lisilo la maandishi, andika reset hata kama huoni unachoandika. Kitufe cha Delete kikikataa kufuta, weka set enable-keypad on kwenye .inputrc.

Fonti ikuze mapema kwa Ctrl, Shift na Page Up, kisha toka nje saa saba mchana uone kama unasoma. Jua la Dodoma halina huruma na maandishi ya kijivu. Mimi nilirudi ndani, nikabadilisha rangi kwenye config.h, nikakompaili tena, na kikombe cha chai bado kilikuwa na moto.