Skyrim: usiukimbilie mnara

Wadogo zangu mnaocheza Skyrim kwenye vibanda vya gemu hapa Ngamiani, naona wengi mkishatoka Helgen, mji gemu inapoanzia, mnakimbilia kazi kuu ya hadithi utadhani mnafukuzwa. Gemu hii ya 2011 haikulazimishi. Majoka hayaanzi kuzurura ovyo angani mpaka uliue lile la kwanza kwenye mnara wa magharibi mwa mji wa Whiterun, ambako kazi kuu inakupeleka. Uache mnara huo kwanza, uzunguke nchi nzima kwa raha zako: ujiunge na wezi kule Riften au uende chuo cha wachawi Winterhold, upendavyo. Kwangu huo ndio utamu wenyewe. Na kabla hujajibu swali zito la mhusika wa gemu, sevu faili jipya, la zamani liache, ili uweze kurudi kujaribu jibu jingine.