Pensheni ya Serikali Ikipunguzwa Miaka Baada ya Kustaafu: Namna ya Kupinga Uamuzi Huo Nchini Kenya

Mtumishi wa umma anapostaafu nchini Kenya chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, Idara ya Pensheni iliyo katika Hazina ya Taifa hupiga hesabu ya stahili zake, humlipa mkupuo, kisha huanza kumlipa kila mwezi. Huenda miaka ikapita, naye ameshapanga maisha yake kwa kiasi hicho, ndipo barua imfikie, au benki iingize pungufu bila barua yoyote, kwa maelezo kwamba hesabu ya awali ilikosewa: miezi ya utumishi ilizidi, au mshahara uliotumiwa haukuwa wa daraja lake. Mara nyingi huja na dai la pili, kwamba alicholipwa zaidi akirudishe kwa kukatwa kila mwezi. Wastaafu wengi huyachukua madai hayo mawili kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo hupoteza hoja zao nzuri. Kupunguza malipo ya siku zijazo ni uamuzi mmoja, kudai fedha zilizokwisha kulipwa ni uamuzi mwingine, na barua yako ya kwanza kabisa inapaswa kuyatenganisha.

Anza na hesabu, kabla ya wakili na kabla ya malalamiko. Kanuni yenyewe si siri: mshahara wa mwaka unaotambuliwa kwa pensheni huzidishwa kwa idadi ya miezi kamili ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 480. Mstaafu anaweza kuchukua robo ya pensheni hiyo kama mkupuo, robo hiyo ikizidishwa mara 20, na robo tatu zinazobaki ndizo hulipwa kila mwezi. Tuchukue mfano wa mtu aliyestaafu akiwa na mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, baada ya miezi 360 ya kazi. Pensheni yake ya mwaka ni 540,000, mkupuo wake ni 2,700,000, na malipo yake ya mwezi ni 33,750. Idara ikisema sasa kwamba miezi halali ni 340, pensheni ya mwaka inashuka hadi 510,000, mkupuo unakuwa 2,550,000, na malipo ya mwezi 31,875. Kwa mwezi pengo ni shilingi 1,875 tu, lakini baada ya miaka sita, bila kuhesabu nyongeza zozote, dai linakuwa 135,000 za malipo ya kila mwezi pamoja na 150,000 za mkupuo. Ukiiandika hesabu hiyo kwenye karatasi moja, utajua mara moja ni miezi ipi inayogombaniwa, na utajua ni hati zipi za kutafuta: barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini kwa masharti ya kudumu na ya pensheni, barua za kupandishwa daraja, hati ya mshahara wa mwezi wa mwisho, na taarifa za benki tangu malipo ya kwanza. Barua ya kuthibitishwa ina uzito wa pekee, kwa sababu ubishi huweza kuangukia kipindi cha kazi ya muda kabla ya kuthibitishwa.

Kisha andika barua. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa haraka, kisheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo haki yake imeguswa. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa ili kutekeleza kifungu hicho inaeleza kwa undani mambo ambayo ofisi ilipaswa kuyafanya kabla ya kukugusa: kukupa taarifa mapema pamoja na sababu zake, kukupa nafasi ya kusikilizwa, kukuonyesha ushahidi inaoutegemea, na kukujulisha kwamba unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya. Ofisi iliyopunguza pensheni kwanza na kueleza baadaye imekwisha kukosea, hata kama hesabu zake ni sahihi. Zaidi ya hayo, ukiomba sababu na usipewe, sheria hiyo inaelekeza mahakama ichukulie kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya msingi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo barua ya kuomba sababu ni msingi wa kesi yako yote, hata kama unaamini kwamba haitajibiwa.

Maneno yake yawe machache na yasiyo na hasira: “Naomba nipewe kwa maandishi hesabu ya awali na hesabu mpya ya pensheni yangu, kumbukumbu za utumishi zilizotumika katika kila moja, tarehe ambayo kosa linalodaiwa liligunduliwa, jina la wadhifa wa aliyefanya uamuzi, na kifungu cha sheria kinachotegemewa. Naomba pia makato yasimamishwe hadi nitakaposikilizwa. Napinga kupunguzwa kwa malipo yangu, na kwa sababu tofauti napinga kudaiwa fedha zilizokwisha kulipwa.” Katika barua hiyo hiyo taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21, na haikutozi chochote isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Unapoendelea kupokea malipo yaliyopunguzwa, andika kwamba unayapokea bila kuukubali uamuzi, na usitie sahihi fomu yoyote ya kuridhia kukatwa, hata ukiambiwa ni ya utaratibu tu.

Hatua inayofuata inategemea ni nani anayekulipa, na ninaomba msomaji asiliruke jambo hili, kwa maana kesi nzuri huangushwa kwa kupelekwa mahali pasipostahili. Ukilipwa na Idara ya Pensheni moja kwa moja kutoka hazina ya serikali, mgogoro wako ni wa uamuzi wa kiutawala. Lakini ukiwa mwanachama wa mfuko unaosimamiwa na wadhamini, kama ilivyo kwa mashirika mengi ya umma na kwa mfuko mpya wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, njia ni nyingine: unamwomba kwanza, kwa maandishi, mkuu wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu apitie uamuzi wa wadhamini, na usiporidhika unakata rufaa mbele ya Baraza la Rufaa la mafao hayo ndani ya siku 30. Mwaka 2019, katika kesi ya Albert Chaurembo Mumba dhidi ya Maurice Munyao, iliyohusu mfuko wa pensheni wa Mamlaka ya Bandari, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama ya kazi haikuwa na mamlaka ya kuanza kusikiliza mgogoro wa aina hiyo. Miaka ya kusubiri iliishia hapo.

Unaweza pia kulalamika bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Husaidia hasa pale ofisi inapokaa kimya.

Angalia kalenda, kwa sababu malalamiko hayasimamishi muda wa mahakama. Ombi la kufuta uamuzi kwa njia ya mapitio ya mahakama chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria lina kikomo cha miezi sita tangu tarehe ya uamuzi, na madai yanayotokana na mkataba wa ajira yana kikomo cha miaka mitatu. Ombi la kikatiba halina kikomo kilichoandikwa, ila ucheleweshaji usioelezeka humdhuru mwombaji. Njia salama ni kuhesabu miezi sita kuanzia siku ya barua ya kupunguziwa, au mwezi wa kwanza wa malipo pungufu kama barua haikuja. Sheria ya 2015 hukutaka umalize kwanza njia za ndani za rufaa, na muda ukikubana omba mahakama ikuondolee sharti hilo, ukieleza sababu.

Kesi dhidi ya Idara kwa kawaida hufunguliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo unapaswa kujua hoja itakayokukabili. Sheria ya Pensheni, katika kifungu cha 5, inasema kwamba hakuna afisa mwenye haki kamili ya pensheni, na mawakili wa serikali wanaweza kukiegemea. Jibu lake limo katika Katiba, ambayo inalinda mali katika kifungu cha 40, na katika kifungu cha 260 inaihesabu haki juu ya fedha kuwa mali. Usiitegemee peke yake hoja kwamba uliahidiwa kiasi fulani. Katika kesi ya Royal Media Services ya mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba matarajio halali hayawezi kusimama dhidi ya matamko ya wazi ya sheria. Kama miezi 20 kweli haikustahili kuhesabiwa, malipo ya baadaye yanaweza kupunguzwa kihalali baada ya kukusikiliza. Ninaliandika hili kwa uwazi kwa sababu mstaafu anastahili kujua mapema sehemu ipi ya kesi yake ni dhaifu.

Dai la Idara la kurudishiwa fedha za nyuma ndilo lenye nafasi kubwa zaidi ya kushindwa. Onyesha kwamba hukudanganya wala kuficha hati, kwamba hesabu ilifanywa na ofisi yenyewe ikiwa na faili lako lote, na kwamba fedha hizo ulizitumia kwa nia njema kwa karo, matibabu na chakula. Mahakama za Kenya husoma maamuzi ya nchi nyingine za jumuiya ya madola kama ya kushawishi, bila kufungwa nayo, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya India wa tarehe 18 Desemba 2014, katika kesi ya Jimbo la Punjab dhidi ya Rafiq Masih, unafaa kuambatanishwa. Ulizuia kuwadai wastaafu fedha walizolipwa zaidi kwa makosa ya mwajiri, na ulizuia pia madai ya malipo yaliyodumu zaidi ya miaka mitano kabla ya amri ya kuyarudisha.

Pamoja na ombi lenyewe, wasilisha ombi la dharura la kusimamisha makato, likiungwa mkono na hati ya kiapo inayotaja dawa na kodi ya nyumba kwa viwango vyake halisi, pamoja na risiti. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na kanuni za 2013 za maombi ya haki za kikatiba zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida.

Ukishinda, kumbuka kwamba mali ya serikali haikamatwi kwa ajili ya deni. Chukua mahakamani cheti cha amri ya malipo, kipeleke kwa afisa mhasibu wa wizara pamoja na barua ya kudai, na akikataa kulipa, rudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha yeye binafsi atekeleze wajibu huo. Akiikaidi amri hiyo, anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama.