Umehamia Berlin? Anza na jina mlangoni

Majengo mengi ya kupanga Berlin hayana namba za vyumba. Barua inabeba mtaa, namba ya jengo na jina la mpokeaji, basi. Mtu wa posta anaingia ukumbini, anasoma majina kwenye masanduku ya barua, na asipoliona lako anaondoka na barua yako. Mimi nilisubiri kadi ya bima ya afya wiki tatu. Nilipopiga simu nikaambiwa ilishatumwa na ilisharudi, mpokeaji hajulikani. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mtu, na sandukuni kulikuwa na jina lake tu. Kipande cha karatasi na selotepu vilitosha kumaliza tatizo.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujafungua mabegi, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti ulibandike sandukuni. Kibao cha kengele ya chini mara nyingi hubadilishwa na msimamizi wa jengo, Hausverwaltung. Mwandikie siku hiyohiyo.

Kinachofuata ni Anmeldung, kujiandikisha kuwa mkazi. Sheria inakupa siku 14 tangu uhamie. Unaweza kwenda Bürgeramt, ofisi ya huduma za wakazi, yoyote ya jiji, si lazima ya wilaya yako. Miadi ni migumu kupata, lakini ukichungulia mtandaoni asubuhi mapema utakuta nafasi zilizoachwa na wengine. Beba pasipoti, fomu, na Wohnungsgeberbestätigung, karatasi inayosainiwa na anayekupangisha kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba peke yake hautoshi. Chumba ambacho mwenyewe anakwambia "hapa hakuna Anmeldung" kiache, hata kama bei inavutia. Namba ya mlipa kodi inakuja baada ya kujiandikisha, na benki na ofisi ya wageni nao watakudai cheti cha kujiandikisha.

Namba hiyo ya mlipa kodi huja kwa barua. Itafuata nyingine ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe ukidhani ni tangazo. Ada hiyo ni ya nyumba nzima, si ya kila kichwa: kama mwenzako analipa tayari, jibu ukitaja namba yake ya malipo.

Sasa majirani. Watu wetu wengi hulalamika kwamba Wajerumani hawasalimiani. Barabarani ni kweli, ila ngazini ni jambo jingine. Ukipishana na mtu kwenye ngazi sema "Hallo" au "Guten Tag", kila mara, hata akijibu kwa kunong'ona. Mzee mwite kwa "Sie", ile ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu kutumia "du". Sisi tuliolelewa na shikamoo hilo halitusumbui.

Mlango wa kweli wa ujirani lakini ni kifurushi. Usipokuwepo, mpeleka vifurushi humwachia jirani na kuacha kikaratasi chenye jina la jirani huyo. Nenda ukapige hodi jioni hiyohiyo. Mimi nilikutana hivyo na bibi wa ghorofa ya pili. Alinipa boksi langu, akaniuliza ile harufu ya Jumamosi ni ya nini. Ilikuwa iliki na mdalasini. Wiki iliyofuata nilimpelekea sahani ya pilau, naye akairudisha sahani na kipande cha keki ya tufaha juu yake. Tangu hapo vifurushi vyangu havipotei.

Kelele ndizo zinazoharibu mambo haraka. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya, na Jumapili kutwa hakuna kutoboa ukuta. Una sherehe? Siku chache kabla bandika tangazo ukumbini: tarehe, jina lako, namba ya simu, na ombi kwamba wakikereka wakupigie wewe kwanza.

Taka: karatasi pipa la bluu, maganda na mabaki ya chakula la kahawia. Chupa za plastiki na makopo yenye alama ya amana rudisha dukani, senti 25 kila moja. Ukiwa nje, ziache kando ya pipa, si ndani. Kuna watu wanaziokota kwa kujikimu.

Jumapili maduka mengi yamefungwa, na hiyo ndiyo siku nzuri ya kuujua mji kwa miguu. Nenda kitongoji cha Wedding, kwenye mtaa wenye barabara zinazoitwa Sansibarstraße na Ugandastraße. Petersallee iliyokuwepo pale imebadilishwa majina mwaka 2024. Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, ameondoka, na sehemu moja ya barabara sasa ni Maji-Maji-Allee. Wilaya ya Neukölln kuna Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya Lucy Lameck, mmoja wa wanawake wa kwanza katika serikali ya Tanzania.

Kisha pita Brunnenstraße ukiangalia chini. Kuna jiwe dogo lenye uso wa shaba la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili katika jiji hili, akafia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Maandishi yanaanza "Hier wohnte", hapa aliishi, kisha jina lake, mbele ya mlango wa nyumba.