Jinsi ya kuomba nafasi ya kusomea Biblia na Tafsiri katika vyuo vikuu vya Nairobi

Anayetaka kusomea kazi ya kutafsiri Biblia hadi ngazi ya shahada hana milango mingi Afrika Mashariki, na miwili inayojulikana zaidi iko Nairobi. Pan Africa Christian University, ambayo wengi huiita PAC, ina shahada ya kwanza ya Biblia na Tafsiri. Africa International University ya Karen, iliyoanza mwaka 1983 kwa jina la NEGST (Nairobi Evangelical Graduate School of Theology), inafahamika zaidi kwa shahada za uzamili na uzamivu katika fani hiyo. Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa maisha yake yote aangalie kwanza Chuo Kikuu cha Shalom kule Bunia kabla ya kufunga safari. Maelezo haya yanafuata njia ya Nairobi, na yanamlenga hasa mwombaji anayetoka nje ya Kenya, maana ndiye mwenye makaratasi mengi.

Kabla hujagusa fomu

Jua kwanza unachokiomba. Haya si masomo ya uchungaji yaliyopewa jina jingine. Sehemu kubwa ni isimu, yaani elimu ya lugha: fonolojia (sauti), mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), namna masimulizi yanavyojengwa. Kisha kuna Kiyunani na Kiebrania, ufafanuzi wa Maandiko, kanuni za tafsiri, na kujifunza Paratext, programu ya kompyuta ambayo timu nyingi za tafsiri hufanyia kazi. Kama wito wako ni mimbari, omba theolojia. Utaokoa ada na miaka.

Chagua pia ngazi inayolingana na kazi unayoitaka. Shahada ya kwanza inamfaa mtafsiri wa lugha ya nyumbani kwao. Ya uzamili humwelekeza mtu kwenye kazi ya mshauri wa tafsiri, yule anayekagua rasimu mstari kwa mstari pamoja na timu na kusikiliza wasemaji wa lugha wanavyoielewa kabla haijachapishwa. Nimeona watu wakikimbilia uzamili kwa sababu ya heshima ya jina, huku mradi wao ukimhitaji mtu wa kukaa mezani na kuandika rasimu.

Vyeti, mahali wengi wanapokwama

Kwa Mkenya, kipimo cha kawaida cha kuingia shahada ya kwanza ni wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Mtanzania alete cheti cha kidato cha sita chenye ufaulu wa kuingilia chuo kikuu, au stashahada inayotambuliwa. Kidato cha nne peke yake hakitamfikisha.

Neno "inayotambuliwa" ndilo lenye kazi hapo. Watumishi wengi wa makanisa wana stashahada za vyuo vya Biblia, na vyuo hivyo havilingani. Vingine vimesajiliwa serikalini, kwa Tanzania kupitia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Vingine vina ithibati ya ACTEA, chama cha elimu ya kitheolojia barani Afrika, ambacho vyuo vya Kikristo hukijua na kukiheshimu. Vingine havina lolote kati ya hayo, hata kama mafundisho yake yalikuwa mazuri sana. Ukiwa kundi la tatu, usilipe ada ya maombi kwanza. Iandikie ofisi ya udahili, ambatisha nakala ya cheti na matokeo ya masomo, uulize wazi kama kitakubaliwa au kama kuna kozi ya daraja, ya kuziba pengo la sifa, unayoweza kupitia. Jibu lihifadhi, ukisumbuliwa baadaye utalihitaji.

Aliyesoma sekondari nje ya Kenya huombwa ulinganisho wa cheti, kazi inayofanywa na baraza la mitihani la Kenya, KNEC, kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Mtanzania anayekwenda kusoma nje ya nchi aifuate pia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, mapema apate cheti cha kutokuwa na pingamizi, kwa sababu TCU hiyohiyo ndiyo atakayoipelekea shahada yake siku akirudi ili itambuliwe. Mwenye vyeti vya Kifaransa, kutoka Kongo au Burundi, atahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza yenye muhuri wa mtafsiri anayekubalika kisheria. Aianze hii kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna suala la majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cheti cha shule kinasema John, pasipoti ina jina la babu ambalo halipo kwingine kokote, na barua ya mchungaji inatumia jina la ubatizo. Kanisani hakuna anayejali. Kwenye dawati la udahili hao ni watu wanne. Nenda kwa wakili ule kiapo cha majina, au usajili hati rasmi ya kubadili jina ikiwa tofauti ni kubwa. Tangu hapo, kila karatasi iandikwe kama pasipoti inavyosomeka.

Barua ya kueleza nia

Kwa maoni yangu hapa ndipo maombi hushinda au kushindwa, na ndipo watu hutumia muda mfupi kuliko popote. Barua nyingi zina ukurasa mzima wa ushuhuda wa wokovu na mstari mmoja tu kuhusu tafsiri. Ushuhuda utaombwa, tena mara nyingi kwenye karatasi yake. Barua ya nia inataka kujua mengine: lugha yako ni ipi, inasemwa wapi, ina Maandiko kiasi gani, nani anayefanya kazi hiyo sasa, na wewe uko upande gani wa kazi hiyo.

Kuwa mahususi. Anayeandika "nataka kuwasaidia watu wangu wasikie Neno kwa lugha yao" ameandika kile kilichoandikwa na wote. Mkurya anayeeleza kwamba lugha yake ina irabu saba, kwamba watu waliozoea irabu tano za Kiswahili hukwama wanapoisoma, na kwamba yeye alikaa na wazee kujaribu namna mbili za kuandika maneno yaleyale, huyo ameshaonyesha kwamba anaijua kazi. Hata kama hujawahi kuajiriwa kwenye mradi, huenda umewahi kukalimani mahubiri, kusahihisha nyimbo, kufundisha watu wazima kusoma. Yaseme hayo. Taja na tatizo moja la tafsiri ambalo hujalipatia jibu. Wahadhiri wa fani hii hupenda mtu mwenye swali.

Andika kwa Kiingereza chako mwenyewe. Kuna uwezekano wa kuitwa kwenye usaili au kupewa mtihani wa lugha, na barua iliyoandikwa na mwingine hujulikana mara moja.

Soma pia tamko la imani la chuo kabla ya kulitia saini. Vyuo hivi viwili vina msingi wa kiinjili na kipentekoste. Kama kanisa lako linafundisha tofauti katika jambo fulani, uliza. Kuuliza ni bora kuliko kusaini usichokiamini.

Wadhamini

Kwa kawaida wanatakiwa wawili au watatu: mchungaji au kiongozi wa kanisa, mwalimu aliyekufundisha, na kwa uzamili mtu aliyekusimamia kazini. Aliye kwenye mradi wa shirika la tafsiri kama BTL la Kenya, SIL au Chama cha Biblia cha nchi yake aombe barua kutoka huko. Kwenye fani hii ina uzito kuliko barua ya askofu asiyekujua. Mpe kila mdhamini nakala ya barua yako ya nia na tarehe ya mwisho, kisha mkumbushe kwa adabu. Fomu nyingi hutumwa moja kwa moja chuoni, hivyo usitegemee kuzipitisha mkononi mwako.

Kutuma

Jaza fomu kwenye tovuti ya chuo, lipa ada ya maombi isiyorudishwa, pakia vyeti vilivyoskaniwa vizuri (picha ya simu yenye kivuli hurudishwa), na uhifadhi risiti. Transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, itatoka chuo chako cha awali ikiwa imefungwa kwa muhuri. Vyuo vya Kenya kwa kawaida hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, lakini si kila programu hufunguliwa kila muhula, na fani yenye wanafunzi wachache hufunguliwa idadi yao ikitosha. Piga simu uulize.

Fedha

Barua ya udahili haina maana ya ufadhili. Wengi katika fani hii hulipiwa na mradi wao, na mradi hudai urudi kuufanyia kazi; soma mkataba huo kwa makini kuliko unavyosoma barua ya chuo. Mkenya anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hata akiwa chuo binafsi. Kwa uzamivu kuna mashirika kama Langham na ScholarLeaders, nayo huanza kupokea maombi mapema sana kabla ya mwaka wa masomo.

Kuingia Kenya

Mtanzania hahitaji viza kuvuka mpaka, ila kuvuka kama mgeni si ruhusa ya kusoma. Unahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji ya Kenya, inayoombwa mtandaoni kwa barua ya udahili, nakala ya pasipoti, picha na barua ya chuo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakuongoza, lakini wewe ndiye utakayeulizwa ikichelewa, kwa hiyo anza ukiwa bado nyumbani. Pasipoti iwe na muda wa kutosha kumaliza angalau mwaka wa kwanza. Beba kadi ya homa ya manjano, na vyeti halisi uviweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi, maana vitakaguliwa siku ya usajili.