Namna ya kuisoma ripoti ya mtoto wa sekondari

Ripoti ya muhula inapofika nyumbani, iwe Nkuhungu au kijijini Chamwino, wazazi wengi huangalia nafasi ya mtoto darasani na kuishia hapo. Nafasi hiyo haielezi mengi, kwa sababu mtoto anaweza kuwa wa tano katika darasa ambalo karibu wote wamepata D ya Hisabati. Anza na alama za kila somo. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania katika kidato cha nne, A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya hapo ni F. Kwa hiyo 44 na 30 zote ni D, ingawa wa kwanza amebakiza alama moja tu kufikia C, na wa pili yuko ukingoni mwa kufeli.

Daraja, yaani kiwango cha matokeo ya jumla ya mtoto, hutokana na pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1 na F ni 5. Pointi zikiwa chache, daraja ni bora.

Kisha weka ripoti hii kando ya ile ya muhula uliopita. Somo lililoshuka kutoka 61 hadi 40 lina jambo la kuulizwa, hivyo soma pia mahudhurio na maoni ya mwalimu wa darasa, halafu umwulize mtoto kwa upole, kabla ya kwenda shuleni kumwona mwalimu wa somo hilo ukiwa na ripoti zote mbili mkononi.