Anzia kwenye debe la saba

Hadithi yangu ya kwanza kusomwa na watu hadi mwisho inahusu gunia la viazi. Nimezaliwa Njombe, nafundisha Kiswahili Makambako, na kwa miaka mingi hadithi zangu zilianza na ukungu juu ya vilima, zikapitia historia ya kijiji, ndipo mhusika akatokea. Wanafunzi wangu walizipokea kwa heshima. Nilipowauliza ziliishaje, wakatazama chini.

Haya ninayokueleza, mdogo wangu, kuhusu kuandika hadithi fupi isomwe hadi mwisho, niliyapata kwa kuiandika hadithi hiyo ya gunia mara nne.

Kwanza tafuta kitu ambacho mtu anakitaka leo hii, kabla jua halijazama, na kinachomzuia. Umaskini wa mkulima ni mada ya riwaya nzima. Mama anayetaka viazi vyake vipakiwe mchana huu ili kesho mwanawe asirudishwe nyumbani kwa ada, na mnunuzi anayedai lumbesa, hao wanatosha kurasa nne. Kwa asiyeijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa kilemba cha wavu juu yake, linaongezwa viazi tena, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sheria inakataza, mashambani inaendelea.

Ukishampata mtu wako, ingia pale mambo yanapokaza. Mara ya kwanza niliandika: "Mama huyo alikuwa mkulima maskini aliyeonewa na wanunuzi kwa muda mrefu." Hakuna uongo hapo, lakini hakuna cha kuona. Mara ya nne ikawa hivi:

Debe la saba lilipomiminwa, gunia lilikuwa limeshafurika. Kijana akachomoa sindano kwenye kofia yake, akaanza kushona kilemba.
"Mwanangu, hilo si limejaa?"
"Bado, mama. Tajiri anataka nane."

Neno "kuonewa" halimo. Msomaji anahesabu madebe mwenyewe, na akishaanza kuhesabu hakuachi, maana anataka kujua kama la nane litaingia. Angalia pia kijana anavyomwita "mama" huku mkono wake unaendelea kushona. Hapo ndipo uchungu wangu wote ulipo, nami sikuhitaji kuutaja.

Ile sindano kwenye kofia sikuibuni. Nilikaa shambani kwa mjomba siku nzima ya kupakia, daftari mapajani, nikaandika mikono ya watu inafanya nini. Kama hadithi yako iko soko la Mwanjelwa, Mbeya, nenda Mwanjelwa ukasimame pale wanapouza mchele wa Kyela, uangalie muuzaji anavyouchota na kuuachia upite vidoleni ili mteja auone. Kama iko kwenye mteremko wa Kitonga, sikiliza abiria wanavyonyamaza basi linapoanza kushuka. Kitu kimoja cha namna hiyo kwa ukurasa kinatosha. Ukiweka sita, msomaji hatajua ashike kipi.

Kwenye mazungumzo, punguza salamu. Najua sisi hatuanzi jambo bila kujuliana hali, ila kwenye karatasi mistari mitano ya "za nyumbani" inaua mwendo. Bakiza ile inayoonyesha mtu katoka wapi. "Kamwene" inatuweka huku kwetu Iringa na Njombe. "Ugonile" imeshatupeleka Tukuyu. Neno moja, na hukulazimika kueleza kabila wala safari.

Halafu soma kwa sauti, na umsomee mtu mwenye kazi mkononi. Mimi nilimsomea mama yangu akimenya viazi jikoni. Kwenye aya yangu ya baridi ya Julai, ambayo niliipenda mno, aliinuka kuchochea moto. Kwenye sindano, kisu kikasimama. Sikumuuliza maoni, kwa sababu mzazi atakusifu tu. Nilifuata kisu: kilipoendelea kumenya, nilikata.

Mwisho ndio ulionitesa zaidi. Nilikuwa nimeandika aya ndefu inayowaomba viongozi wasikie kilio cha mkulima. Naiamini hadi leo kila sentensi ya aya ile, na bado niliitoa, kwani ilimnyang'anya mama wa hadithi nafasi yake ya mwisho. Nikarudi nyuma kutafuta tendo lake la mwisho, nikaishia hapo: lori limeondoka, anaokota viazi vitatu vilivyodondoka, anavifuta kwa khanga.

Mama yangu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na hela kapewa ngapi?"

Sikuwa nimeandika. Hadithi nzima ya biashara, na malipo nimeyasahau. Usiku ule niliongeza mistari miwili: mnunuzi anahesabu noti, mama anazihesabu tena, anazifunga kwenye pindo la khanga ile ile.